Danger, hazard, risk au threat? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya hatari katika Kiingereza

Majibu haya ni kwa ajili ya yeyote anayeandika Kiingereza au kutafsiri, ambaye kila akifika penye neno "hatari" kalamu inasita. Kamusi nyingi humpa maneno matano au sita kwa mpigo, kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja. Kiingereza hutaka kujua hatari imekaa wapi: ndani ya kitu, katika uwezekano wa jambo kutokea, katika nia ya mwenye kudhuru, au katika hali ya yule aliye karibu kudhurika. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye swali hilo.

Kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi, na sisi tuna "hatari" tu?

Hatuna moja tu. Tuna tishio, balaa, maafa, janga, madhara, na siku hizi kihatarishi. Ila ni kweli kwamba "hatari" yetu inafanya kazi nyingi: ni jina, ni neno la kusifia jina, ni kelele ya kuonya, na mtaani ni sifa ya kumpamba mtu hodari.

Wingi wa Kiingereza umetokana na historia. "Threat" ni neno la Kiingereza cha kale. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na mahakama kwa vizazi kadhaa, na kupitia mlango huo wakaingia "danger", "peril", "hazard" na "jeopardy". "Risk" lilichelewa, likaja katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, nacho kilikuwa kimelitoa Kiitaliano.

Asili hizo hazijafutika kabisa. "Danger" zamani lilihusu mamlaka ya bwana: aliyekuwa katika "danger" ya mtu alikuwa mikononi mwake, akitaka amdhuru. "Hazard" lilikuwa jina la mchezo wa dadu. "Jeopardy" lilitokana na maneno ya Kifaransa ya kale yenye maana ya mchezo uliogawanyika, ambao bado haujulikani nani atashinda. Sishauri mtu achague neno la leo kwa kutazama asili yake, lakini zinasaidia kukumbuka: mpaka sasa mtu huwa ndani ya "danger", na kitu kilicho katika "jeopardy" ni kitu ambacho hatima yake haijaamuliwa.

Tofauti ya "hazard" na "risk" ni ipi hasa?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ndilo ambalo kosa lake linaweza kumuumiza mtu.

"Hazard" ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru. "Risk" ni uwezekano kwamba madhara yatatokea, ukiambatana na ukubwa wa madhara hayo yakitokea. Chukua chupa ya asidi kali iliyofungiwa kabatini. Asidi ile ni "hazard" usiku na mchana, hata kama hakuna anayeigusa. "Risk" yake ni ndogo kwa kuwa haimfikii mtu. Itoe, iweke mezani bila kifuniko, watu wakipitapita. Asidi haijabadilika hata kidogo, kwa hiyo "hazard" ni ileile. Kilichopanda ni "risk".

Katika sentensi, mgawanyo unakuwa hivi:

"The wet floor is a hazard." Sakafu yenyewe ndiyo chanzo.

"There is a risk of slipping." Kuteleza ndiko kunakoweza kutokea.

Mtu akisema "The wet floor is a risk" katika mazungumzo, ataeleweka. Akiandika hivyo katika ripoti ya usalama kazini, ataandikiwa maoni pembeni, na kwa haki. Viwango vya kimataifa kama ISO 45001, kile cha afya na usalama kazini kilichotolewa mwaka 2018, vinatenganisha maneno haya mawili kwa makusudi. Sababu ni kwamba kila moja linadai hatua tofauti. "Hazard" huondolewa: unaacha kutumia kemikali hiyo, unatafuta nyingine isiyo kali. "Risk" hupunguzwa: unawapa wafanyakazi glavu, unaweka uzio, unapunguza muda wa mtu kukaa karibu. Ukiandika "We have eliminated the hazard" ilhali umegawa glavu tu, umesema uongo bila kukusudia, na atakayesoma anaweza kuingia pale mikono mitupu akiamini hakuna cha kumdhuru.

Mwaka 2015 dunia nzima ilipata somo kuhusu jambo hili. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama ya kusindikwa katika Kundi la 1, ambamo tayari zimo sigara na asbesto. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba kula soseji ni sawa na kuvuta sigara. IARC haikusema hivyo. Makundi yake hupima nguvu ya ushahidi kwamba kitu fulani kinaweza kusababisha saratani kwa binadamu, yaani hupima "hazard". Hayasemi kitu hicho huongeza saratani kwa kiasi gani, na hicho kiasi ndicho "risk". Vitu viwili vinaweza kukaa kundi moja huku kimoja kikiua watu wengi mno kuliko kingine. Mwandishi ambaye angejua tofauti ya maneno haya mawili asingewatisha wasomaji wake bure, wala asingewapa wavutaji sigara kisingizio.

Tetemeko la ardhi ni "hazard" au ni "disaster"?

Tetemeko ni "natural hazard". Linakuwa "disaster" pale linapokuta watu na nyumba zisizoweza kulihimili. Tetemeko kubwa chini ya jangwa lisilo na mtu halina maafa. Wataalamu wengi wa maafa siku hizi wanakwepa kabisa msemo "natural disaster", kwa hoja kwamba mtikisiko ni wa asili, lakini jengo bovu lilijengwa na mtu. Nakubaliana nao, na ninapoandika Kiingereza ninafuata mgawanyo wao.

Basi "danger" linatumika wapi?

"Danger" ni hali. Mtu, mnyama au kitu kimo katika hali ambayo madhara yako karibu. Ndiyo maana tunasema "in danger" na "out of danger", na daktari akisema mgonjwa "is out of danger" anamaanisha kwamba ile saa ya kuhofia uhai wake imepita, hata kama bado anaumwa.

Ukaribu huo ni sehemu ya maana ya neno. Mwaka 1919, katika kesi ya Schenck dhidi ya Marekani, Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama Kuu ya Marekani aliandika kuhusu "clear and present danger", hatari iliyo wazi na iliyopo sasa, kama kipimo cha lini serikali inaweza kuadhibu maneno ya mtu. Jaribu kuweka "risk" badala yake, sentensi inalegea. Uwezekano wa mbali hauwezi kuwa "present" kwa namna ileile.

"Danger" pia linaweza kuwa mtu au kitu chenyewe: "He is a danger to himself", "Loose wires are a danger to children". Hapo linakaribiana na "hazard", ila lina joto zaidi. "Hazard" ni neno la mkaguzi mwenye fomu, "danger" ni la mzazi.

Kisarufi, angalia "a". Hali kwa ujumla haichukui "a": "They are in danger", kamwe si "in a danger". Chanzo kimojakimoja huchukua "a" na huweza kuwa wingi: "the dangers of smoking".

Niseme "at risk" au "in danger"?

Yote mawili ni sahihi, ila umbali ni tofauti. "The children are in danger" inamfanya msikilizaji ainuke sasa hivi. "The children are at risk" inamfanya apange kikao, aandae mpango, atafute fedha. Moja linahusu dakika hii, lingine linahusu watu ambao hali yao inawaweka karibu na madhara kuliko wengine.

Usichanganye vihusishi "in" na "at". "In risk" si Kiingereza. "At danger" nalo si Kiingereza cha kawaida, isipokuwa kwenye reli za Uingereza, ambako taa ya kusimamisha treni husemwa kuwa "at danger", na treni ikiipita huandikwa "signal passed at danger". Nje ya reli, liache.

Nilisema "I am dangerous" watu wakanishangaa. Nilikosea wapi?

Ulitaka kusema "niko hatarini", ukasema "mimi ni hatari". Ni kosa la kawaida sana kwetu, kwa kuwa katika Kiswahili shina ni lilelile na kinachobadilika ni mwisho wa neno tu. Katika Kiingereza, "dangerous" daima humwelekea anayedhuru. Anayedhurika ni "in danger".

"The road is dangerous": barabara inaua watu. "The road is in danger": barabara yenyewe inataka kuharibiwa, pengine na maporomoko.

Kuhusu "hatari" ya sifa, kuwa mwangalifu. Mshambuliaji wa soka anaweza kuitwa "dangerous", na watangazaji wa Kiingereza husema hivyo kila siku. Lakini "dangerous" haliwezi kubeba "kitabu hiki ni hatari" kwa maana ya kizuri mno. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba kitabu kinapotosha watu.

"Risky", "dangerous", "hazardous", "perilous", "unsafe": nitachaguaje?

Anza na "risky", maana ndilo linalokosewa zaidi. "Risky" hufuatana na uamuzi. Biashara, upasuaji, kukopa fedha, kupita gari lingine kwenye kona, vyote vinaweza kuwa "risky" kwa sababu kuna mtu anayepima faida na hasara kisha anachagua. Mbwa mkali si "risky dog". Mbwa hakuchagua na wewe hukukusudia faida yoyote kwake, kwa hiyo ni "dangerous dog". Kumpapasa mbwa huyo, hilo sasa ni "risky".

"Hazardous" ni neno la maandishi rasmi, hasa kwa vitu na mazingira: "hazardous waste", "hazardous chemicals", "hazardous driving conditions". Kulitumia katika barua kwa rafiki kunaleta harufu ya ofisi.

"Perilous" ni la simulizi. Linakaa vizuri kwenye safari ya kuvuka bahari kwa mtumbwi au kupanda mlima wakati wa dhoruba. Kwenye maelekezo ya mashine linachekesha.

"Unsafe" linadharauliwa na wanafunzi kwa kuwa linaonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo sahihi. Jengo lenye nyufa ni "unsafe". Maji yasiyochemshwa ni "unsafe to drink". Linasema kwamba kiwango cha usalama hakijafikiwa, bila kupiga kelele.

"Threat" ni maneno ya kumtisha mtu, au ni hatari yenyewe?

Ni yote mawili, na maneno yanayoandamana nalo ndiyo yanayokuonyesha. Ukisikia "make a threat" au "death threat", kuna mtu aliyetamka au kuandika kwamba atafanya ubaya. Ukisikia "a threat to", kinachofuata ni kile kinachoweza kuharibiwa: "a threat to peace", "a threat to the crops".

Kinacholitofautisha "threat" na "hazard" ni mwelekeo. "Threat" linakuja, lina shabaha, na mara nyingi lina nia. Shimo barabarani ni "hazard", halimlengi yeyote. Jeshi lililojipanga mpakani ni "threat". Ukame hauna nia, lakini ukisogea kuelekea mashamba Kiingereza kinaukubali kuwa "threat", kana kwamba unatembea.

Kitenzi chake, "threaten", hufuatwa na "to": "He threatened to resign". Usiandike "threatened resigning". Na kumbuka kwamba kutisha kwa maana ya kuogofya tu ni "frighten" au "scare". Filamu ya mizimu hai-"threaten" mtu, inam-"frighten".

Wanaofanya kazi ya usalama wa kompyuta wana mgawanyo wao ulionyooka, nami naupenda. "Threat" ni yule au kile kinachoweza kushambulia, kwa mfano mdukuzi. "Vulnerability" ni udhaifu unaompa nafasi, kwa mfano nywila nyepesi. "Risk" ni kile unachopata ukiviweka pamoja: uwezekano kwamba mdukuzi atautumia udhaifu huo, na hasara itakayofuata. Mdukuzi humwondoi duniani, lakini nywila unaweza kuibadilisha leo.

Na "menace"?

Ni dada yake "threat" mwenye kinyongo. Hutumika kwa kitu kinachosumbua na kutisha kwa muda mrefu. "A menace to society" ni msemo uliozoeleka. Halina nafasi kubwa katika maandishi ya kazi.

Wanyama walio hatarini kutoweka ni "endangered" au "threatened"?

Inategemea orodha gani unaisoma, na hapa wanahabari hukosea mno.

Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ngazi tatu zinazofuatana: "Vulnerable", halafu "Endangered", halafu "Critically Endangered". Zote tatu kwa pamoja huitwa "threatened". Kwa hiyo, kwa IUCN, kila mnyama aliye "endangered" ni "threatened", ila si kila aliye "threatened" amefika "endangered". Simba yuko "Vulnerable". Faru mweusi yuko "Critically Endangered". Tembo wa Afrika waligawanywa makundi mawili mwaka 2021: wa savana wakawekwa "Endangered", na wa misituni wakawekwa "Critically Endangered".

Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe hai inatumia maneno hayohayo kwa mpangilio mwingine. Kwake, "endangered" ni kiumbe kilicho katika hatari ya kutoweka sasa, na "threatened" ni kile kinachoelekea kufika huko siku zijazo. Hapo "threatened" si mwavuli, ni ngazi ya chini.

Kwa hiyo ukiandika makala, taja kwanza ni orodha ipi, kisha tumia neno lake kama lilivyo. Kuandika kwamba simba ni "endangered" kwa kuwa neno hilo linasikika vizuri ni kutoa taarifa isiyo sahihi kuhusu mnyama ambaye hali yake tayari ni ya kutia huruma.

Kwenye lebo na mabango: DANGER, WARNING, CAUTION. Si yote ni "tahadhari"?

Hapana, na tafadhali usiyatafsiri yote kwa neno moja. Kwenye mabango yanayofuata viwango vya Marekani vya ANSI Z535, kila neno limepewa ngazi yake. "DANGER", lenye rangi nyekundu, maana yake usipojiepusha utakufa au utaumia vibaya. "WARNING", la rangi ya chungwa, maana yake unaweza kufa au kuumia vibaya. "CAUTION", la manjano, maana yake unaweza kuumia kidogo au kwa kiasi. Kisha kuna "NOTICE", la buluu, ambalo halihusu kuumia kwa mtu bali kuharibika kwa mali na mambo kama hayo. Tazama jinsi tofauti ya mbili za kwanza inavyosimama juu ya neno moja tu, kati ya "uta-" na "unaweza".

Kemikali zinafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa unaoitwa GHS, wenye maneno mawili pekee: "Danger" kwa zenye ukali mkubwa na "Warning" kwa zenye ukali mdogo zaidi. Ukikuta "Warning" kwenye chupa ya kemikali, usiliite onyo la juu kabisa.

Mimi hutafsiri "DANGER" kuwa HATARI, "WARNING" kuwa ONYO, na "CAUTION" kuwa TAHADHARI, na sibadilishi kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine wa kitabu kilekile cha maelekezo. Fundi aliyezoea kuona HATARI pale tu uhai wake unapoguswa atalitii neno hilo. Akiliona kila ukurasa ataacha kulisoma.

Tukiwa hapo, mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani ina jozi nyingine inayochanganya. "Tornado watch" maana yake mazingira yanaruhusu kimbunga cha aina hiyo kutokea, kaa macho. "Tornado warning" maana yake kimeonekana au rada imekigundua, jifiche.

Nikimwona mtu anataka kugongwa, nipige kelele "Danger!"?

Atakuelewa, lakini mwenye lugha yake angesema "Watch out!" au "Look out!". Kwa jambo dogo zaidi, kama ngazi yenye utelezi, "Careful!" inatosha. Waingereza huongeza "Mind": "Mind your head", "Mind the step". "Danger" na "Beware of" ni za mabango, na "Beware of the dog" huandikwa getini, haitamkwi na mtu anayekimbia. Ni kama sisi: bango linaandikwa "Hatari, umeme mkubwa", lakini mwenzako akitaka kukanyaga waya unamwambia "Angalia!".

Kwenye bima nimekutana na "peril". Ina maana gani pale?

Pale neno lina maana iliyofungwa, tofauti na la simulizi. "Peril" ni tukio linalosababisha hasara: moto, wizi, mafuriko. "Hazard" ni hali inayoongeza uwezekano wa tukio hilo au ukubwa wa hasara yake: matambara yenye mafuta yaliyorundikwa karibu na jiko. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906 inataja "perils of the seas", na inafafanua kwamba ni ajali na majanga ya bahari, si mawimbi na upepo wa kawaida.

Huko ndiko kuna "moral hazard": mtu kulegeza uangalifu kwa kuwa anajua hasara italipwa na mwingine. "Moral hazard" si upotovu wa maadili kwa ujumla, ingawa nimeona imetafsiriwa hivyo zaidi ya mara moja.

"Jeopardy" hutumika lini?

Katika maisha ya kawaida, ni kwa kitu chenye thamani kilichofika mahali pa kuweza kupotea: "Her career is in jeopardy", "The deal is in jeopardy". Katika sheria kuna "double jeopardy", kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile, jambo linalokatazwa na Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani.

Kati ya "endanger" na "jeopardize", mwelekeo ni huu: uhai na afya hu-"endanger", mipango na nafasi hu-"jeopardize". Si sheria ya chuma, lakini ukiifuata hutakosea mara nyingi.

Nitumieje "risk" kama kitenzi?

Kinachofuata ni jina au kitenzi chenye "-ing". "He risked his life." "You risk losing everything." Usiandike "You risk to lose", hilo ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote katika insha.

"Risk" pia lina sura mbili ambazo wengi hawazioni. Unaweza ku-"risk" kile unachokipenda, kama uhai, na unaweza ku-"risk" kile unachokiogopa, kama kukamatwa: "He risked his life" na "He risked arrest". Muktadha ndio unaoamua.

Tofauti ya "take a risk" na "run a risk" ni ndogo lakini nzuri. Anaye-"take a risk" amechagua kwa macho wazi. Anaye-"run a risk" huenda hata hajui. Na "risk of" hutaja ubaya wenyewe, "risk of infection", wakati "risk to" hutaja anayepata ubaya, "risk to patients".

Katika mambo ya afya, "doubles the risk" inamaanisha nitaumwa?

Haina maana hiyo, na tafsiri ya haraka hapa huwanyima watu usingizi. Kama uwezekano wa kupata ugonjwa ulikuwa mtu 1 kati ya 1,000, kisha ukawa watu 2 kati ya 1,000, basi umeongezeka maradufu, na bado watu 998 hawataupata. Kila unapoandika kwamba "risk" imeongezeka kwa asilimia fulani, tafuta kiwango cha mwanzo na ukiweke palepale kando yake. Usipokipata, heri usiandike asilimia.

"Risk factor" nayo si chanzo cha lazima cha ugonjwa. Ni jambo linaloandamana na uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata, kama umri au shinikizo la damu. Lakini dalili zinazomtaka mjamzito akimbilie hospitali huitwa "danger signs", kwa sababu hapo hatari imeshafika mlangoni.

Natafsiri waraka kwenda Kiswahili. "Hazard" na "risk" niviiteje?

Hapa ndipo Kiswahili chetu cha kitaalamu hakijatulia. Neno "kihatarishi" limeshika kasi, lakini linatumiwa kwa vyote viwili. Kuna nyaraka za fedha na ukaguzi zinazoita "risk management" usimamizi wa vihatarishi, na kuna mafunzo ya usalama kazini yanayoita kemikali, kelele na vumbi vihatarishi, yaani "hazards". Kila upande una hoja, ila waraka mmoja ukivibeba vyote viwili kwa jina moja, ile tofauti ya glavu na asidi niliyoieleza juu inazama.

Ninachofanya ni hiki: "hazard" naita chanzo cha hatari, na "risk" naita uwezekano wa madhara, au hatari tu pale sentensi inapokuwa fupi. "Risk assessment" inakuwa tathmini ya hatari, "threat" inabaki tishio, na "vulnerability" ni udhaifu. Maana hizo naziandika mwanzoni mwa waraka kabla hazijatumika. Kama mteja ana istilahi zake tayari, nafuata zake, ila namwuliza kwa maandishi, kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza, kihatarishi chake ni kile kinachodhuru au ni uwezekano wa kudhurika.